Jirani wa Meza Yuko Lubumbashi

Saa sita ya mchana ikigonga Kinshasa, Kindu ni saa saba tayari. Kongo ina saa mbili: magharibi hufuata saa ya Lagos, mashariki hufuata saa ya Maputo, na Maniema, mkoa wa Kindu, imo upande wa mashariki. Wenyeji hawahitaji kuambiwa. Anayempigia ndugu yake Kinshasa hulihesabu jambo hilo kichwani bila hata kufikiri. Kompyuta ndiyo isiyojua. Kijana wa Kindu anayetengeneza programu ya mapokezi ya zahanati hupewa orodha ya majina ya miji, ileile inayotumiwa na lugha za programu duniani kote, ili achague saa ya kazi yake. Humo mna Africa/Kinshasa na mna Africa/Lubumbashi, Kindu haimo. Akichagua mji mkuu, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, kila risiti itatoka ikiwa nyuma kwa saa moja, na mtoto aliyezaliwa saa sita na nusu usiku ataandikiwa tarehe ya jana. Hakuna onyo jekundu litakalotokea kwenye kioo. Programu itatembea vizuri kabisa, na itasema uongo kila siku. Somo la video lililorekodiwa Paris au Bangalore halitamgutusha. Atakayemgutusha, kwa mstari mmoja wa maandishi, ni mtu wa Kalemie au Bukavu ambaye alikwisha kuzongwa na tatizo hilohilo.

Mistari ya namna hiyo hupita katika magrupu ya WhatsApp, Telegram na Discord wanamokutana waandishi wa programu: huyu ameuliza, yule amejibu, wa tatu amesahihisha, na mazungumzo yamekwisha hamia kwingine. Wako wanaoyatazama kwa jicho la pembeni. Baadhi huona ni ombaomba wa majibu. Wengine, wenye huruma kidogo, huona ni shule ya wasio na shule. Mimi naona si hiki wala si kile. Kindu haikosi masomo. Mji una chuo kikuu chake na taasisi nyingine za elimu ya juu, na masomo ya bure mtandaoni yamezidi kiasi ambacho mtu angeweza kuyamaliza maishani. Kinachokosekana ni chumba wanamokaa waandishi wa programu sita au kumi, kila mmoja na kazi yake, kwa sababu nusu ya ufundi huu haifundishwi darasani: hufundishwa na jirani wa meza, pale unapogeuza shingo na kuuliza, "Hii nayo imekuwaje?" Nairobi zipo meza hizo, na Kinshasa zipo. Kindu ni mji wa kando ya mto Lualaba unaofikiwa kwa ndege, kwa pikipiki zilizolowa matope, au kwa reli ya kutoka upande wa Lubumbashi ambayo haisifiki kwa mwendo wa haraka. Hapo mjuzi wa kompyuta mara nyingi yuko peke yake katika taasisi nzima. Yeye ndiye wa mtandao, yeye ndiye wa printa, yeye ndiye wa kuondoa virusi, na usiku ndiye mwandishi wa programu. Gumzo la mtandaoni humletea jirani wa meza, na thamani ya jirani huyo haiko hasa katika wingi wa elimu yake. Iko katika kwamba anaishi na kufanya kazi katika mazingira yaleyale.

Matatizo yenyewe yakitazamwa kwa karibu, jambo hili linaonekana wazi. Mengi si makubwa. Mwanafunzi ametengeneza programu ya kuandikisha wanafunzi wa shule ya msingi. Anaandika jina Josée, analihifadhi, na linarudi kwenye kioo likiwa "JosÃ©e". Anadhani kompyuta imeharibika. Kilichotokea ni hiki: katika mpangilio wa herufi unaotumika siku hizi, herufi "é" huhifadhiwa kwa baiti mbili, ilhali sehemu moja ya programu yake bado inafuata mpangilio wa zamani ambao kila baiti ni herufi kamili. Baiti mbili zikasomwa kama herufi mbili, na Josée akapata jina ambalo wazazi wake hawakumpa. Dawa ni mstari mmoja unaoiambia hifadhidata na programu zitumie mpangilio mmoja. Mwalimu wa video anayewafundisha watu wanaoitwa John na Mary hakutani na tatizo hili, hivyo halitaji. Hivyo hivyo kwa desimali. Excel iliyopangwa kwa Kifaransa huandika elfu moja mia mbili hamsini na nusu kwa mkato, 1250,50, na ikihifadhi jedwali kama maandishi matupu hutenganisha safu kwa nukta mkato. Msimbo ulionakiliwa kutoka somo la Kiingereza unategemea kwamba mkato ndio hutenganisha safu na nukta ndiyo ya desimali. Matokeo yake, nusu faranga inahamia safu ya jirani, na mhasibu anamlaumu kijana. Hata kibodi ina siasa yake: kwenye kibodi ya Kifaransa, mabano ya mawimbi ambayo lugha nyingi za programu haziwezi kuishi bila hayo yamefichwa, la kufungulia likiwa chini ya tarakimu 4, na huyapati mpaka ushikilie AltGr.

Halafu kuna fedha. Duka la Kindu hupokea faranga na hupokea dola, mara nyingine katika malipo ya bidhaa moja, na kiwango cha leo si cha wiki ijayo. Vitabu vingi vya kufundishia hutengeneza duka lenye sarafu moja. Anayeviiga ataweka safu moja ya bei, na mwezi wa tatu hataweza kumweleza mwenye duka kwa nini hesabu hazikubaliani. Aliyekwisha kupita hapo atamwambia ahifadhi vitu vitatu kwa kila malipo: kiasi, sarafu yake, na kiwango cha siku ile. Huo si ujuzi wa hali ya juu. Ni ujuzi wa watu wa Kongo, na huwezi kuupata Bangalore. Ongeza kwamba ujumbe wa kosa hutokea kwa Kiingereza, somo la darasani limefundishwa kwa Kifaransa, na maelezo ambayo hatimaye yanaingia kichwani ni ya Kiswahili. Stack Overflow, hazina kubwa ya maswali ya waandishi wa programu iliyoanzishwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky, imefungua matawi ya Kireno, Kirusi, Kihispania na Kijapani. Haina la Kifaransa, sembuse Kiswahili. Grupu la simu halina haja ya kufunguliwa tawi. Mtu anaandika "Bakubwa, programu yangu haitembee," anabandika ujumbe wa kosa katika Kiingereza chake, na hakuna anayeshangaa.

Jambo jingine ni uzito, na hapa historia inasaidia. Gumzo la maandishi halikubuniwa kwa ajili ya simu za kisasa. Mwezi wa nane mwaka 1988, Jarkko Oikarinen wa Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, alitengeneza mfumo wa IRC, na kanuni zake ziliruhusu ujumbe mmoja usizidi baiti 512. Mtandao wa wakati ule ulikuwa wa kusuasua, na kwa miaka mingi waandishi wa programu huria walisaidiana humo kwa mistari mifupi iliyopenya popote penye waya wa simu. Watu wa Kindu wananunua mega, na wanajua kila moja imekwenda wapi. Dakika moja ya video ya ubora wa kati yaweza kula mega tano. Ujumbe wa mistari arobaini ya msimbo hauzidi kilobaiti mbili. Kwa bei ya dakika moja ya somo, mtu anaweza kutuma na kupokea meseji zaidi ya elfu mbili. Hii ndiyo sababu naona picha ya kioo, iliyopigwa kwa simu ikiwa imepinda na yenye mng'ao wa taa, ni tabia mbaya kuliko inavyodhaniwa. Si kwamba tu ni nzito mara hamsini kuliko maandishi. Anayetaka kusaidia hawezi kunakili chochote kutoka kwenye picha. Itambidi aandike upya msimbo wa mtu mwingine kwa kidole gumba, na wengi hapo huamua kwamba hawakuuona ujumbe.

Kuuliza nako ni kazi yenye adabu zake. Salamu kwanza, hilo halijadiliwi, lakini salamu na tatizo ziende katika ujumbe mmoja; "Habari za jioni wakubwa, kuna mtu?" ikisimama peke yake hula muda wa watu bila kuwapa cha kufanyia kazi. Swali zuri hueleza ulitaka nini kitokee, kilitokea nini, na umejaribu nini. Wakongwe wa IRC walikuwa wakali mno juu ya mambo haya; mwaka 2001 Eric Raymond aliandika mwongozo mzima wa namna ya kuuliza, na wengi waliutumia kama fimbo ya kuwachapia wageni. Stack Overflow nayo, mwaka 2018, ilikiri hadharani kwamba haikuwa mahali pa ukarimu kwa wanaoanza. Magrupu ya nyumbani yana nafuu katika hili, kwa sababu zisizo za kiteknolojia: anayejibu anaitwa mukubwa au yaya, na mtu aliyeitwa hivyo huona haya kumtukana aliyemwita.

Atakayedhani kwamba haya ni mambo ya wanafunzi tu akumbuke Ushahidi. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 na machafuko yaliyofuata, Ory Okolloh alitoa wazo la ramani ya mtandaoni ambapo wananchi wangeripoti wanachokiona. David Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wenzao waliijenga kwa siku chache mwezi wa kwanza 2008. Kobia alikuwa Alabama. Timu hiyo haikukaa chumba kimoja. Kabla ya mwaka kwisha, Novemba 2008, programu hiyo ilikuwa inatumika kwa ripoti za vita vya mashariki ya Kongo. Mfano wa pili uko Kindu kwenyewe. Takwimu za afya za nchi, zikiwemo za zoni 18 za afya za Maniema, husafiri ndani ya DHIS2, programu huria iliyochipuka Afrika Kusini na inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Inaishi kwa sababu watumiaji na wasanidi wa nchi nyingi huulizana na kujibizana juu yake mtandaoni, fomu kwa fomu, kosa kwa kosa. Kazi kubwa na msaada mdogo wa jioni ni vitu vya ukoo mmoja.

Mwalimu wa chuo ana pingamizi lake, na si la kupuuzwa. Mwanafunzi wa Kongo hufunga masomo yake kwa kazi ya mwisho, ile iitwayo TFC, na katika kompyuta kazi hiyo mara nyingi ni programu iliyokamilika: ya kulipa mishahara, ya akiba ya dawa, ya karo za shule. Ikiwa kila kizingiti kimevukwa kwa jibu la grupu, mwalimu anampa nani alama? Ni kweli wako wanaobandika swali la zoezi kama lilivyo na kusubiri, na grupu linalowajibu linawadhulumu. Lakini mwanagenzi wa gereji ya pikipiki akimuuliza fundi spana ya namba ngapi, hatusemi ameiba ufundi. Tunangoja kuona kama kesho ataifungua nati mwenyewe. Hapo ndipo mwalimu ana nguvu ambayo grupu haina: anaweza kumketisha mwanafunzi mbele ya msimbo wake na kumwambia abadilishe jambo moja dogo, sasa hivi, aongeze sarafu ya pili au asome faili lenye nukta mkato. Aliyeelewa jibu atafanya, aliyenakili atatoa jasho. Utetezi wa TFC wenye swali kama hilo ungemaliza ubishi huu kuliko kupiga marufuku simu.

Pingamizi la ushauri mbaya ni zito zaidi, kwa sababu linaharibu kazi za watu. Wanafunzi wengi hugeuza laptopu kuwa seva kwa XAMPP, kifurushi cha bure kinachokusanya pamoja vyote vinavyohitajika. Umeme ukikatika ghafla na betri imechoka, wakati hifadhidata inaandika, MySQL inayoiendesha hifadhidata hiyo yaweza kugoma kuwaka tena. Mtu akiuliza, hakosi wa kumjibu upesi: futa faili la ibdata1, itawaka. Na itawaka kweli. Tatizo ni kwamba faili hilo ndilo lenye kumbukumbu ambazo hifadhidata huzitegemea ili kuyatambua majedwali. Likiondoka, majina ya majedwali yataonekana palepale, lakini ukiyafungua unaambiwa hayapo, na kazi ya mwaka imekwenda. Anayejua angeanza kwa kunakili folda nzima ya data na kuiweka kando kabla ya kugusa kitu. Ndipo arudishe mafaili ya mfumo kutoka folda ya akiba ya XAMPP yenyewe, akiziacha hifadhidata zake mwenyewe na ibdata1 yake. Katika grupu lililochangamka, jibu la kufuta halikai dakika nyingi kabla ya mtu kulipigia kelele. Katika grupu lililolala, saa tano usiku, hakuna wa kupiga kelele. Sina dawa ya hilo isipokuwa kanuni moja ambayo wasimamizi wangeibandika juu kabisa: jibu lolote lenye neno "futa" lingoje mtu wa pili. Kanuni nyingine ni kwamba msimbo unaobandikwa uondolewe maneno ya siri kwanza, maana orodha ya wagonjwa wa zahanati si mali ya grupu.

Na sasa kuna mashine. ChatGPT ilifunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022. Siku chache baadaye Stack Overflow ilipiga marufuku majibu yake, na tangu hapo maswali mapya katika hazina hiyo yamepungua vibaya sana. Kwa nini basi kijana wa Kindu amsumbue mtu wa Lubumbashi wakati mashine inajibu usiku wa manane bila kuchoka? Hapa hoja yangu ya uzito hainisaidii, kwa kuwa mashine nayo huzungumza kwa maandishi mepesi. Na tatizo la jina la Josée italitatua kwa sekunde, pengine kwa adabu kuliko watu. Tofauti iko katika kile ambacho muulizaji hakukisema. Mashine itajibu juu ya saa za mashariki ya Kongo ikiulizwa. Lakini anayeanza hajui kwamba hilo ni jambo la kuuliza. Atasema anataka duka, atapewa duka lenye sarafu moja, na litatembea. Mtu wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa kwamba duka liko Kongo. Tena yeye atakuwapo kesho: akikosea, watu watamkumbusha, na akisikia kazi ya ukandarasi inatafuta mtu wa Maniema, anajua jina la kutaja. Naona busara ni kuitumia mashine kwa makosa ya kawaida na kuliachia grupu mambo yenye harufu ya mahali.

Ila mashine imefichua udhaifu wa grupu ambao wanachama hawapendi kuusikia. Ilijifunza kwa kusoma majibu ambayo watu walikuwa wameyaacha wazi mtandaoni kwa miaka mingi. Majibu ya WhatsApp hayako wazi. Ujuzi wa dola na faranga, wa saa na wa umeme unaokatika, hutolewa jioni, na kufikia kesho umezikwa chini ya salamu na matangazo ya misiba. Wiki mbili baadaye mtu mwingine anauliza swali lilelile na mkongwe aliyelijibu mara ya kwanza ananyamaza kwa uchovu. Na mlango wenyewe unaweza kufungwa. Mara baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, serikali ilikata intaneti nchini kwa takriban wiki tatu, na magrupu yote yakawa kimya siku moja. Kuhama jukwaa ni rahisi zaidi ya kuokoa yaliyosemwa: mwezi wa tano 2021, wasimamizi wa mtandao mkubwa wa IRC uitwao freenode walipogombana na mmiliki wake, walijenga Libera.Chat, na miradi kama Ubuntu na Wikimedia ikawafuata katika muda mfupi. Watu walihama na kazi ikaendelea, kwa sababu maelezo yao muhimu yalikuwa yameandikwa mahali pengine, nje ya gumzo.

Mahali pengine huko, kwa Kindu, si lazima pawe tovuti. WhatsApp huruhusu mazungumzo kutolewa yakiwa faili la maandishi, bila picha, na maneno ya mwaka mzima ya grupu lenye shughuli yanaingia kwenye flashi ndogo kuliko zote sokoni. Kinachobaki ni mtu wa kukaa nalo mara moja kwa mwezi, kuokota maswali yaliyopata jibu lililothibitishwa, na kuyapanga kwa Kiswahili na Kifaransa chochote kinachoeleweka, kisha nakala ipelekwe chuoni ambako wanafunzi wataifungua hata siku isiyo na mtandao. Mtu huyo hahitaji kuwa msanidi bora wa grupu. Anahitaji uvumilivu wa kusoma, ruhusa ya waliojibu, na mkono mkali wa kufuta majina, namba za simu na maneno ya siri kabla faili halijatoka mikononi mwake.